Namba Niliyomsomea Mkwezi

Shemeji yangu hapandi juu ya kiti. Taa ya sebuleni ikiungua, anayeibadilisha ni dada yangu, mkewe, na yeye hushika miguu ya kiti kwa mikono miwili huku kageuza uso ukutani. Ukimwambia mgeni kwamba bwana huyu anayeogopa kiti ndiye aliyefunga madishi kwenye minara yote mirefu ya upande wetu, mgeni atacheka na kungoja umalize mzaha.

Si mzaha. Kazini wanamwita Mkwezi, na jina limemganda hadi nyumbani. Dada yangu akikasirika humwita hivyo hivyo. Ana miaka ishirini na miwili katika kazi hii. Aliingia akiwa kibarua wa kuvuta kamba chini ya mnara, mpaka siku ambayo mpandaji aliugua na msimamizi akauliza nani ataziba pengo. Wenzake wote wakatazama viatu vyao. Yeye alichelewa kutazama vyake. "Niliona haya kukataa," huniambia, "na haya hiyo ndiyo imenipandisha mpaka leo."

Woga wake haujapungua hata chembe. Kabla ya kupanda huenda msalani mara tatu. Hukagua mkanda wa usalama mshono kwa mshono, akimaliza huanza upya kana kwamba aliyekagua mwanzo alikuwa mtu mwingine asiyemwamini. Kila spana huifunga kwa uzi kwenye kifundo cha mkono. Wenzake humtania kwamba mnara utaota kutu kabla hajamaliza kujifunga. Huwajibu kwamba waliokuwa hawaogopi amewazika yeye, na anakumbuka majina yao. Wanacheka, naye anacheka nao. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na shemeji upande wake aliuchagua siku nyingi.

Mimi ni mdogo wa mkewe, na kazi yangu ni ya chini. Nakaa kwenye kibanda kilicho mguuni mwa mnara, kompyuta mapajani, redio ya mkononi shingoni. Dishi linapofungwa, yeye huko juu hulisogeza kwa kuzungusha bolti, robo mzunguko kwa robo mzunguko, nami namsomea namba inayoonyesha mawimbi yanafika kwa nguvu kiasi gani. Namba hiyo huwa na kistari cha kutoa mbele yake, kwa hiyo ikiwa ndogo, nguvu ni kubwa. Wa juu haoni namba, wa chini haoni bolti. Yeye huuliza "Ngapi?" mimi najibu, naye anaamini. Hakuna kazi nyingine katika kazi yetu. Mengine yote ni kubeba vyuma.

Sasa niseme nilichofanya, maana nikikizungukazunguka nitaishia kukiacha. Nilimsomea namba ya uongo.

Ng'ambo ya milima kuna vijiji ambavyo havikuwahi kupata mtandao wa maana. Palikuwa na jiwe moja kubwa karibu na zahanati, na ukisimama juu yake ukanyoosha mkono, simu ilipata vijistari viwili. Watu walipanga foleni hapo. Muuguzi wa zahanati naye alipanga foleni, na zamu yake ikifika alimpigia daktari wa hospitali kubwa akamweleza wagonjwa wake kwa sauti ya juu, kwa sababu ukiongea taratibu hapo husikiki. Kidonda cha mtu kilikuwa mali ya foleni nzima. Tukapewa kazi ya kurusha mtandao wa kasi kutoka kilima cha upande wetu, dishi kwa dishi, juu ya milima hadi kule.

Siku ya uzinduzi ilikuwa ya kiangazi na upepo mkali. Wageni rasmi walikwishakaa. Mkwezi alikuwa juu saa mbili nzima na namba yangu ilikuwa imegoma kwenye sitini na tatu. Hesabu zilisema inapaswa kuwa arobaini na tano. Nilijua mara moja ni kitu gani. Ukimulika tochi ukutani utaona duara kali katikati na pete hafifu kulizunguka. Dishi nalo hutupa mawimbi namna hiyo. Ukiwa na haraka utadaka pete ukadhani umedaka duara, maana hata kwenye pete mawimbi yanaongezeka, yanafika kilele, kisha yanapungua, na wewe unafurahi bure. Sisi mafundi tuna jina la kosa hili. Lina matusi kidogo, sitaliandika. Kiangazi pete inatosha. Mawingu mazito yakija, inakatika.

Ilibidi nimwambie aanze upya. Nikainua macho nikamwona. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unatetemeka juu ya chuma, unatetemeka hivi kwamba niliuona kutoka chini, na upepo ulikuwa unamsukuma kwenye mkanda kama nguo iliyoanikwa. Nikamwona dada yangu akiwa mjane. Nilimwona wazi kabisa, mpaka na kanga atakayojifunga. Redio ikasema, "Ngapi?"

"Arobaini na tano," nikajibu. "Funga, ushuke."

Akafunga, akashuka, akapigiwa makofi. Kwenye fomu ya makabidhiano nikaandika arobaini na tano kwa mwandiko mzuri. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku ile mgema hakutia kitu; aliyetia maji ni mimi niliyeshika kibuyu.

Miezi mitano mtandao ulikwenda bila kukohoa. Wanafunzi wakasoma, watu wakazungumza na ndugu waliokuwa hawajawaona miaka, muuguzi akawa anamwonyesha daktari wagonjwa kwa picha ndani ya chumba kilichofungwa mlango. Mimi nikaanza kuogopa mawingu. Asubuhi nilikuwa nafungua dirisha kabla sijafungua macho vizuri. Kila siku nilisema kesho nitamwambia shemeji, tupande tena kimyakimya, turekebishe. Kesho ikija naogopa fomu, naogopa kazi yangu, na zaidi ya yote naogopa uso wake. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilikuwa naijua methali hiyo tangu shule. Kuijua hakukunisaidia kitu.

Halafu akaja kifungua mimba wa Mkwezi na dada. Binti huyu aliolewa na mwalimu wa kule ng'ambo, na alikuja kutusalimu akiwa na mimba ya kwanza na presha iliyokuwa inapanda. Daktari alitaka ahamie mjini mimba ikifika mwezi wa nane. Tulikuwa mezani tunakula, na Mkwezi akacheka akasema, "Uhame uende wapi? Kaa na mumeo. Dishi lile nimelifunga kwa mikono yangu. Daktari atakuona kila siku kama yuko chumbani."

Binti akanigeukia. "Mama mdogo, wewe ndiye mtaalamu wa kompyuta. Unasemaje?"

Mdomoni nilikuwa na chakula. Ningeweza kukitumia kama kisingizio. Nikakimeza, nikasema, "Mtandao uko vizuri." Akaridhika, akarudi kwa mumewe. Dada akamfuata wiki chache baadaye ili awe naye siku zikikaribia.

Siku zenyewe hazikusubiri. Ilikuwa mchana, wiki tatu kabla ya wakati, tukiwa stoo tunakunja nyaya, simu yangu ikaita kwa picha. Alikuwa dada. Uso wake ulikuwa umekatika vipande, jicho huku, kidevu kule.

"Uchungu umemshika tangu alfajiri," alisema, na sauti ikaruka. "…presha… daktari anamwelekeza muuguzi lakini picha inakata… mto umejaa, gari haipiti… mwambieni aliye na mtambo…"

Ikakata. Nilikwenda dirishani. Kule milimani mbingu ilikuwa imefungwa, nyeusi, na ilikuwa inakuja upande wetu. Nikafungua kompyuta. Namba ilikuwa sabini na mbili. Ikifika themanini, basi.

Mkwezi alikuwa amekwishachukua ufunguo wa gari. "Mtambo umeharibika nini?" aliniuliza. Sikumjibu mpaka tulipoingia barabara ya kilimani, na nadhani nilisema kwa sababu tu alikuwa anaendesha na hakuweza kunitazama.

"Shemeji, mtambo ni mzima. Dishi halijawahi kukaa sawa. Siku ile ilikuwa sitini na tatu."

Gari halikupunguza mwendo. "Uliniambia arobaini na tano."

"Nilikuona unatetemeka. Upepo ulikuwa mkali. Niliogopa utaanguka, nikamfikiria dada."

Alikata kona mbili. Mikono yake ilikuwa imekaza usukani.

"Mimi hutetemeka kila siku," alisema. "Miaka ishirini na miwili natetemeka. Nani alikwambia kutetemeka ni kuanguka?"

Nilitamani anitukane, angalau tungekuwa tunaongea. Nikafungua daftari nikaanza kupiga hesabu ya dira, kujua duara lilikuwa upande gani wa pete tuliyoidaka. Kushoto. Nikapiga tena. Kushoto. Nilipiga mara nne, na kila mara kalamu ilikuwa inateleza kwa jasho.

Kilimani tulipokewa na mlinzi wa mnara, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye kwa miaka yote kazi yake ilikuwa geti na kuku wake wawili. Akaona mkanda mkononi mwa Mkwezi akasimama njiani. "Leo hapapandwi, mwanangu. Radi inapiga kule."

"Kule si hapa, mzee wangu," shemeji akamjibu, akampita.

Hakwenda msalani hata mara moja. Mkanda aliukagua mara moja tu, haraka, na hilo liliniogopesha kuliko mawingu. Nilimwona anaanza kupanda, mkono, mguu, mkono, mguu, midomo ikichezacheza. Huhesabu vyuma. Nikaingia kibandani. Sabini na tano.

Nikampigia muuguzi kwa simu ya dada, maana yake ilikuwa kwa daktari. Ilibidi nimweleze jambo ambalo hata fundi halimwingii akilini kirahisi: kati ya pete na duara pana giza. Kutoka kwenye mtandao huu dhaifu kwenda kwenye mzuri ni lazima tupite mahali pasipo na mtandao kabisa. Tukiacha ulivyo, mvua itaukata baada ya nusu saa. Tukigusa bolti, utakatika sasa hivi.

"Kwa muda gani?" akauliza. Nyuma yake nilimsikia binti anaguna, sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Dakika kumi. Huenda zaidi."

"Na msipoupata?"

Ulimi wangu ulitaka kusema tutaupata. Nikaung'ata. "Tusipoupata, hautarudi leo."

Dada akapiga kelele kutoka pembeni. "Msizime! Daktari anaongea naye! Mkizima mtaniulia mtoto!"

"Mama, nishikie mgonjwa," muuguzi akamwambia, kisha akanirudia. "Nipe dakika tatu nimuulize daktari kila kitu nitakachohitaji. Nikikwambia zima, zima."

Dakika tatu zile nilizikalia. Sabini na sita. Sabini na saba. Nje kuku wa mlinzi waliingia chini ya gari bila kufukuzwa. Redio ikauliza, "Tayari?" Nikasema bado. Ikauliza tena, nikasema bado, na nikasikia jinsi upepo ulivyokuwa unapiga kwenye kinasa sauti chake kule juu.

"Haya," muuguzi akasema. "Zimeni."

Nikabonyeza redio. "Anza. Kushoto."

"Una hakika ni kushoto?"

"Hesabu inasema hivyo."

"Sikuulizi hesabu."

"Nina hakika, shemeji."

Akazungusha. Sabini na tisa. Themanini na tatu. Kwenye simu uso wa muuguzi ukaganda, mdomo wazi, kisha ukapotea. Themanini na nane. Halafu skrini ikaandika kile inachoandika wakati haisikii chochote, na nikawa nimekaa mbele ya kompyuta kama mtu aliyefunga mlango kwa nje na kutupa ufunguo.

"Ngapi?"

"Hakuna."

Robo mzunguko. "Ngapi?"

"Hakuna. Endelea hapo hapo."

Niseme ukweli, niliogopa vibaya. Kule ng'ambo mtoto wa dada yangu alikuwa kitandani na mwanamke mmoja mwenye glavu, na yule aliyejua la kufanya nilikuwa nimemzima mimi. Juu yangu alikuwa mumewe dada yangu kwenye chuma kirefu na radi inakaribia. Wote wawili niliwaweka pale kwa neno moja, siku yenye jua, kwa huruma. Robo mzunguko. Hakuna. Dakika ya nne. Radi ikamulika kibanda kizima, na nikahesabu kimoyomoyo mpaka ngurumo ilipofika. Sikufika mbali.

"Ngapi?"

"Hakuna."

"Tumepitiliza?"

"Hatujapitiliza. Endelea."

"Mkono umekufa ganzi." Alisema kwa utulivu, kama mtu anayekujulisha saa. "Nabadilisha mkono."

Dakika ya sita, namba ikatokea. Themanini na nne. Nilipiga kelele nikaogopa kelele yangu. Sabini na moja. Sitini. Nikamwambia apunguze, azungushe chini ya robo. Hamsini na mbili. Arobaini na saba. Arobaini na nne. Arobaini na sita. "Umepita, rudi nyuma kidogo sana." Arobaini na nne. Ikakaa. Hili ndilo duara lenyewe, nguvu ambayo dishi lile halijawahi kuwa nayo tangu lifungwe.

"Ngapi?"

"Arobaini na nne! Funga!"

Nilisikia upepo tu. Nikadhani redio imekufa.

"Shemeji, arobaini na nne. Funga ushuke, radi inakuja!"

"Siku ile uliniambia arobaini na tano," alisema, "kwa sauti hiyo hiyo."

"Naapa, shemeji. Naapa kwa dada."

"Mpe redio mlinzi."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Nikaivua redio shingoni mwangu, uzi ukanasa kwenye sikio, nikampa. Nikamwonyesha skrini kwa kidole. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Nilitaka kumtikisa.

"Mwanangu," akasema redioni, "naona nne, halafu nne nyingine. Mbele yake kuna kistari, sijui maana yake."

"Kistari kiache, mzee. Rudia namba."

"Nne na nne."

"Nafunga."

Alifunga bolti zote nane, moja moja, bila haraka, na mvua ikatufikia akiwa kwenye ya tano. Ilianguka kwa kishindo, nikaona namba inacheza: arobaini na sita, arobaini na tisa, hamsini. Ikasimama hapo, na picha ilikuwa na nafasi ya kupumua. Nikapiga simu kwa dada. Iliita, ikaita, haikupokelewa. Nikapiga tena. Sikumbuki nilipiga mara ngapi.

Ilipopokelewa niliona kwanza mkono wa muuguzi, umeandikwa wino kutoka kiganja hadi kiwiko: dawa, vipimo, saa. Wino ulikuwa umechanganyika na damu. Kisha simu ikageuka. Binti alikuwa amelala kwa ubavu, macho wazi, midomo imekauka, anapumua. Kifuani kwake kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa kitu chekundu kilichokuwa kinalia kwa hasira. Sauti ya daktari ilisikika safi kabisa kutoka kwenye ile simu nyingine, ikisema presha inaanza kushuka, endelea na dawa ile. Dada yangu alikuwa ameketi sakafuni. Hakunitazama.

Nilinyakua redio mikononi mwa mzee. Nikatoka nayo kwenye mvua, nikainua uso kule alikokuwa, doa la rangi ya machungwa katikati ya kijivu.

"Shemeji! Amejifungua! Ni msichana, wote wawili wazima!"

Maji yalikuwa yananiingia mdomoni. Nilimwona amesimama kwenye chuma, hapandi wala hashuki, mkono mmoja kwenye redio.

"Mpe redio mlinzi," akasema.

Nikampa mzee redio, na simu pia, aone mwenyewe kabla ya kumwambia.